Siku tisa bondeni: kupima bwawa kabla ya kuahidi maji

Bonde lenyewe lina dakio la kilomita za mraba 28, yaani eneo lote linalomwaga maji yake kwenye mto mmoja. Mto hutiririka miezi mitano, kisha kwa miezi saba hubaki madimbwi. Chini yake kuna watu 4,000, mifugo yao, na skimu ndogo ya hekta 12 inayochukua maji kwenye banio la mawe, kizuizi kifupi kinachogeuza maji ya mto kuingia mferejini. Ombi lililofika mezani lilikuwa la bwawa la kumwagilia hekta 60 na kuwapa watu maji ya bomba. Upimaji ulichukua siku tisa, kutoka mashambani kwenda juu. Mwelekeo huo ulipangwa makusudi, kwa sababu anayeanza na tuta, yaani ukuta wa udongo wa bwawa, huishia kulitafutia tuta kazi ya kufanya.

Siku ya 1: mwisho wa mfereji

Kazi ya kwanza ilikuwa kujua maji yanayotumika sasa yanaishia wapi. Kwenye mdomo wa mfereji mkuu tulisimamisha bati lenye mkato wa V wa nyuzi 90, kingo zake tukaziba kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa ili tone lisipite pembeni. Kimo cha maji husomwa kama mita moja nyuma ya bati. Ukisoma pale pale kwenye mkato utakosea, maana maji huinama yanapokaribia kuanguka. Rula ilisoma sentimita 24.3, sawa na lita 40 kwa sekunde. Bati la pili, mita 1,800 mbele, lilisoma sentimita 20.4. Kwa macho tofauti ni ya vidole viwili, lakini kwenye mkato wa V mtiririko hupanda na kushuka kwa kasi kuliko kimo. Sentimita 20.4 ni lita 26. Lita 14 kwa sekunde zilikuwa zimepotea njiani bila mtu kuziiba: mashimo ya panya, sehemu mbili zenye udongo wa kichanga, na mahali ng'ombe wanapovuka na kubomoa kingo.

Kwa hiyo mfereji unafikisha asilimia 65. Shambani napo, maji yakipita kwenye matuta yasiyosawazishwa, takriban robo nyingine huzama chini ya mizizi. Ukizidisha vyote viwili unapata nusu. Zao linalohitaji milimita 500 kwa msimu, yaani mita za ujazo 5,000 kwa hekta, linadai mita 10,000 kutoka bwawani. Hekta 60 kwa mtindo huo zinadai mita za ujazo 600,000. Namba hiyo iliandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari.

Siku ya 2: dakio

Mapema tulipanda hadi kwenye mgongo wa milima na kuufuata ili kuhakikisha mpaka wa dakio uliochorwa kwenye ramani. Jambo hili hupuuzwa, na madhara yake ni makubwa: sehemu moja barabara ya udongo imekata mgongo na mtaro wake unapeleka maji bonde la pili. Kilomita moja ya mraba na ushee ilitoka kwenye hesabu, na 28 ndiyo iliyobaki.

Mvua ya wastani ni milimita 750 kwa mwaka. Katika mteremko wa aina hii, wenye nyasi na mashamba, asilimia 8 hivi ya mvua hufika mtoni, nayo ni mita za ujazo milioni 1.68. Lakini bwawa halipangwi kwa wastani. Hupangwa kwa mwaka mkavu unaotokea mara moja katika miaka mitano, na hapa mwaka huo una milimita 560. Wengi hukosea hapo wakipunguza mvua tu na kuiacha asilimia ile ile. Ardhi kavu hunywa kwanza, ndipo iachie. Katika mwaka mkavu asilimia inashuka hadi 5, na maji yanayofika ni mita za ujazo 784,000. Mvua imepungua kwa robo, maji yamepungua kwa zaidi ya nusu.

Mchana ulikwenda kwenye mashapo, yaani udongo unaobebwa na mto na kutuama bwawani. Udongo mwingi unaoingia mtoni hautoki kila mahali sawasawa. Ulitoka kwenye makorongo manne na njia mbili za mifugo, na korongo kubwa kuliko yote lilikuwa na ukuta wima wa mita tatu, mizizi ya nyasi ikining'inia hewani kama nyuzi za jamvi lililochakaa. Kwa dakio la namna hii tulichukua kadirio la mita za ujazo 250 za mashapo kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ni mita 7,000 kila mwaka, na katika miaka 25 ni 175,000. Kuziba makorongo kwa vizuizi vya mawe na kuhamisha njia za mifugo lazima kuanze mwaka mmoja kabla ya tuta, kwa sababu nyasi huhitaji msimu mzima kushika. Bajeti nyingi huweka kazi hii mwisho, na fedha zinapokwisha ndiyo ya kwanza kufutwa.

Siku ya 3: shingo mbili

Kulikuwa na sehemu mbili ambapo bonde linabana. Shingo ya juu ni nyembamba na nzuri kwa macho, lakini nyuma yake mto unapanda haraka, hivyo maji yangerudi nyuma mita 700 tu. Shingo ya chini ni pana zaidi, na nyuma yake bonde limetanda. Tukaifuata ya chini.

Kimo kilipimwa kwa pimamaji na fimbo, kuanzia alama ya saruji iliyofukiwa ukingoni, kuzunguka pande zote mbili na kurudi pale pale. Mzunguko wa kilomita 3.2 ulifungwa kwa kosa la milimita 17, ndani ya kiwango kinachokubalika cha milimita 21. Mzunguko usiofungwa urudiwe siku hiyo hiyo, kwa maana kosa la nusu mita kwenye kina cha maji hubadilisha kila hesabu inayofuata.

Kwa makadirio ya haraka kuna kanuni rahisi: zidisha urefu wa tuta kwenye usawa wa maji yaliyojaa, umbali ambao maji yanarudi nyuma, na kina kikubwa kuliko vyote, kisha gawa kwa 6. Hapa ni mita 240, mita 1,750 na mita 11. Jibu ni mita za ujazo 770,000. Kanuni hii inafaa kuchagua kati ya shingo mbili. Kusainia mkataba kwa kanuni hii ni hatari.

Siku ya 4: mashimo ya msingi

Siku ya 4 na ya 5 ndizo zilizobeba uzito wa safari nzima.

Kwenye mstari wa tuta yalichimbwa mashimo saba, kila moja kina cha mita tatu hadi nne na nusu, upana wa kutosha mtu kushuka na kugusa ukuta. Shimo linalozidi mita moja na nusu huwekewa mbao za kuzuia kingo, hata kama udongo unaonekana mgumu. Kila tabaka liliandikwa: kina, rangi, unyevu, linavyovunjika mkononi. Mashimo matano yalikuwa na kisa kimoja: sentimita 30 za udongo wa juu wenye mizizi, kisha mfinyanzi mwekundu wa kahawia, kisha mwamba uliooza.

Shimo la sita, ukingo wa kulia, lilionekana vile vile hadi mita 2.4. Hapo sururu ilibadili sauti. Ilitoa mlio wa kukwaruza, na kifusi kilichopanda kwenye ndoo kilikuwa changarawe za mviringo, zilizong'aa, za ukubwa wa yai la njiwa. Changarawe za mviringo husuguliwa na maji yanayokwenda, kwa hiyo mto uliwahi kupita pale, mita 40 kutoka ulipo leo, kisha ukafunikwa. Tabaka liliendelea hadi mita 4.1. Tulimwaga ndoo kumi za maji na yote yalizama kabla ya kuhesabu dakika tano. Shimo la saba, hatua 20 mbele, halikuwa na changarawe hata moja.

Huo ndio mtego wa mashimo machache. Mto wa zamani ni mkanda mwembamba, na mashimo matatu yaliyopangwa sawasawa yangeukosa. Tuta likijengwa juu yake, maji yatapita chini kimya kimya, na siku yatakapoanza kubeba mchanga kutoka ndani hakuna wa kuyazuia. Dawa ni handaki la kuzuia mvujo: huchimbwa katika mstari wote wa tuta hadi kwenye tabaka lisilopitisha maji, nusu mita au zaidi ndani yake, kisha hujazwa mfinyanzi na kushindiliwa. Hapa litafika karibu mita 4.7 upande wa kulia. Sakafu yake iwe na upana wa mita tatu angalau, kwa sababu ndogo: rola lazima iingie. Handaki jembamba hujazwa kwa mikono, na kilichojazwa kwa mikono kwenye kina hicho hakishindiliki.

Vichuguu viwili vilivyokuwa kwenye mstari viliwekewa alama. Vitafukuliwa hadi mwisho wa njia za mchwa, si kusawazishwa juu tu. Visiki navyo ving'olewe pamoja na mizizi yote minene kuliko kidole, kwani mzizi ukioza huacha bomba tupu ndani ya tuta.

Siku ya 5: udongo wa tuta

Tuta la kimo cha mita 13.5, upana wa mita 5 juu, mteremko wa 1 kwa 3 upande wa maji na 1 kwa 2.5 upande wa nje, lenye urefu wa mita 275, linahitaji takriban mita za ujazo 68,000 za udongo ulioshindiliwa. Machimbo yanapaswa kuwa na mara moja na nusu ya kiasi hicho, yaani zaidi ya 100,000, kwa kuwa sehemu ya udongo hukataliwa na udongo hupungua ukishindiliwa. Ni vizuri machimbo yawe ndani ya eneo litakalofunikwa na maji, mradi yasikaribie mguu wa tuta. Ukichimba karibu na tuta unaondoa blanketi la asili linalozuia maji kuzama.

Kipimo cha kwanza ni cha mkono. Udongo huloweshwa, hukandwa na kuviringishwa kuwa uzi mwembamba kama penseli. Ukikatika mara moja, una mchanga mwingi. Ukikunjika kuwa pete bila ufa, mfinyanzi umezidi, na tuta lake litapasuka wakati wa kiangazi. Unaotafutwa ni wa katikati, wenye mfinyanzi wa asilimia 20 hadi 30. Machimbo A na B yalifaulu.

Kipimo cha pili hakihitaji maabara, na ndicho kinachookoa mabwawa mengi madogo. Tulichukua glasi safi, tukaijaza maji ya mvua. Maji ya mto hayafai, chumvi zake huficha kasoro. Tukadondosha punje ya udongo ya ukubwa wa mbegu ya mbaazi, bila kutikisa. Punje ya machimbo A ilianguka chini, ikavimba kidogo, ikatulia, na maji yakabaki safi. Punje ya B ilikaa hivyo kwa dakika tatu. Kisha pembeni yake ukatoka ukungu mwembamba kama maziwa kwenye chai iliyopoa, ukatambaa sakafuni mwa glasi, na baada ya saa moja glasi nzima ilikuwa imefifia kiasi cha kutosoma mwandiko uliowekwa nyuma yake.

Udongo huo hujitawanya wenyewe ukikutana na maji safi. Kwa mkono ni mzuri, hushindilika vizuri, na bado ufa mdogo kama unywele ukipitisha maji, kuta za ufa huyeyuka hadi uwe shimo. Machimbo B yalifutwa kwa matumizi ya tuta. Kuna njia ya kuuponya kwa chokaa au jasi, lakini kuchanganya sawasawa mita elfu nyingi ni kazi ghali, na machimbo C, mita 600 juu zaidi, yalifaulu vipimo vyote viwili. Sampuli kutoka A na C zilipelekwa maabara hata hivyo. Glasi hukataa udongo mbaya, ila haitoshi kuupitisha udongo mzuri.

Bwawa la Teton, jimbo la Idaho nchini Marekani, lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likiwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Kiini chake kilijengwa kwa udongo laini ulioletwa na upepo, na handaki lake lilikatwa kwenye mwamba wenye nyufa. Maji yaliupata udongo ule yakauchukua punje kwa punje. Asubuhi yalionekana yakitoka ubavuni yakiwa machafu. Muda mfupi kabla ya saa sita mchana tuta likakatika, na watu 11 walikufa. Lilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 90 na wahandisi wa kutosha. Maji yakitoka kwenye tuta yakiwa safi, hupimwa na kufuatiliwa. Yakitoka na rangi ya udongo, watu walio chini waondolewe kwanza.

Kushindilia kuliandikwa kwenye maelezo ya kazi kwa namba: tabaka la sentimita 15 hadi 20 kabla ya rola, unyevu ulio karibu na kiwango bora kinachopatikana kwa kipimo cha kushindilia alichokitoa mhandisi Ralph Proctor mwaka 1933, na msongamano usiopungua asilimia 95 ya ule mkubwa kabisa wa kipimo hicho. Ukavu ni adui mkubwa kuliko unyevu. Udongo mkavu huonekana mgumu chini ya rola, lakini una matundu ndani, na hukaa chini ghafla bwawa linapojaa. Tabaka lililokauka usiku mmoja likwaruzwe na kuloweshwa kabla ya lingine kuwekwa juu yake, la sivyo mpaka kati ya matabaka utakuwa njia ya maji.

Siku ya 6: utoro

Utoro ni njia ya maji ya mafuriko kutoka bwawani bila kupanda juu ya tuta. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu huishi kwa saa chache tu.

Kanuni ya kawaida ya kuzidisha mvua kali kwa eneo haiaminiki kwa dakio la ukubwa huu, hivyo tulitafuta alama za mafuriko. Wazee wa bondeni walionyesha mstari wa takataka kwenye mashina ya mikuyu na alama kwenye jabali, mahali tofauti matatu, na kimo chake kilipatana. Kwenye sehemu mto uliponyooka, mkato wa mafuriko hayo ulikuwa na upana wa mita 22 na kina cha wastani cha mita 1.9, mteremko ni mita 4 kwa kila kilomita. Kwa mto wenye mawe na vichaka pembeni, kasi inakuwa mita 2 kwa sekunde, na mtiririko karibu mita za ujazo 84 kwa sekunde. Hayo ni mafuriko ambayo watu wanayakumbuka. Yanayokuja mara moja katika miaka mia kadhaa hakuna aliyeyaona, kwa hiyo utoro ulipangiwa mita za ujazo 170, na takwimu za mito jirani zitumike kulihakiki kadirio hilo kabla ya michoro ya mwisho.

Kwa kizingiti kipana chenye maji ya kimo cha mita 1.5, kila mita ya upana hupitisha mita za ujazo 3.1 kwa sekunde. Upana unaotakiwa ni mita 55. Mara nyingi upana huu ndio unaopingwa kwenye vikao: kwa nini mfereji mpana hivyo kwa maji ambayo hayajawahi kuonekana? Jibu liko kwenye kimo cha tuta. Ukipunguza upana, maji yatapanda juu zaidi kupata njia, na tuta zima litabidi liongezwe kimo. Hapa kuna mita 11 za maji, mita 1.5 za mafuriko, na mita 1 ya akiba kwa mawimbi. Ndiyo hiyo 13.5, na katikati ya tuta huongezwa sentimita 70 kwa ajili ya kushuka kwa udongo.

Mahali pa utoro ni tandiko la asili upande wa kushoto, yaani sehemu iliyobonyea kwenye mgongo wa kilima, lenye mwamba uliooza. Maji yatavuka kizingiti kwa mita 3.1 kwa sekunde, kasi ambayo nyasi haziihimili, kwa hiyo kizingiti kiwe cha zege na mteremko wa chini ufunikwe kwa vikapu vya waya vyenye mawe. Mfereji wa kutokea uwe mbali na mguu wa tuta.

Utoro ukishajengwa haupaswi kuguswa. Bwawa la South Fork, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, lilikuwa limeondolewa mabomba yake ya kutolea maji, kilele chake kikashushwa, na kwenye utoro zikawekwa nyavu ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 nyavu zilizibwa na takataka, maji yakapanda juu ya tuta. Waliokufa walikuwa 2,209. Wavu wa samaki kwenye utoro ni jambo ambalo mtu mwenye nia njema anaweza kulifanya wakati wowote, ndiyo maana limeandikwa katazo lake kwenye kanuni za uendeshaji.

Siku ya 7: hesabu ya kutoa

Kontua za bonde lote, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zilikamilika, na ujazo halisi ulitoka mita za ujazo 710,000 badala ya 770,000. La maana zaidi ni jinsi maji yalivyopangika. Nusu ya chini ya kina, mita 5.5, inabeba asilimia 11 tu. Mita moja ya juu kabisa peke yake ina 185,000, zaidi ya robo. Bonde ni kama bakuli, na maji mengi yako ukingoni, yametanda juani.

Ndipo kutoa kukaanza. Mashapo ya miaka 25 yanaondoa 175,000, zinabaki 535,000. Mvukizo: sufuria ya kupimia ilionyesha milimita 8 kwa siku, nazo huzidishwa kwa 0.7 kwa kuwa sufuria hupata joto kuliko bwawa. Kwa siku 210 ni mita 1.18, na kwa uso wa wastani wa hekta 13 ni 153,000. Mvujo wa milimita 1.5 kwa siku, 41,000. Watu 4,000 wakiongezeka kwa asilimia 2.5 kila mwaka watakuwa karibu 6,550 baada ya miaka 20, na kwa lita 50 kila mmoja ni mita 328 kwa siku, yaani 69,000 kwa kiangazi. Ng'ombe 1,500 na mbuzi 3,000, 16,000. Maji ya kuuacha mto uishi, lita 5 kwa sekunde, 91,000.

Zilizobaki kwa umwagiliaji ni mita za ujazo 165,000. Kwa mfereji ulivyo leo, ni hekta 16 na nusu.

Kutoka 60 hadi 16 ni pigo, na haipendezi kulitoa kwa watu wanaosubiri. Lakini kuna mambo mawili ya kufanya. Mfereji mkuu ukisakafiwa na vivuko vya ng'ombe vikajengwa kwa zege, ufanisi unafika asilimia 70. Hekta moja inadai 7,140 badala ya 10,000, na eneo linakuwa hekta 23. Pili ni majira. Maji yanayosubiri bwawani yanavukizwa. Msimu mmoja wa umwagiliaji ukianza mara mvua zinapokoma na kumalizika ndani ya miezi minne, uso wa wastani unashuka hadi hekta 9, na mvukizo na mvujo vinapungua kwa mita za ujazo 60,000. Hapo eneo linafika hekta 31. Ni karibu mara mbili ya hesabu ya asubuhi, bila kuongeza tuta hata sentimita moja.

Miaka ya mwanzo, kabla mashapo hayajaingia, kutakuwa na maji zaidi. Yasigawiwe mashamba mapya ya kudumu.

Siku ya 8: bomba, chujio na walio chini

Mdomo wa kutolea maji utakaa mita 4.5 juu ya sakafu ya mto. Chini yake kuna nafasi ya mita za ujazo 42,000 tu, lakini si mashapo yote 175,000 yatakayofika hapo. Mashapo mengine, yale mazito, hulala kichwani mwa bwawa ambako mto unapoteza kasi, na si kwenye mguu wa tuta kama michoro mingi inavyoonyesha. Bomba la milimita 300 litapitisha lita 75 kwa sekunde kwa kasi ya mita 1 hivi. Lilazwe kwenye mtaro uliochimbwa ndani ya ardhi ngumu ya ukingo, si ndani ya udongo uliojazwa, na lifunikwe kwa zege ambalo pande zake zimelala kidogo ili rola ibane udongo juu yake. Theluthi ya mwisho izungushiwe mchanga wa kuchuja, unaopitisha maji na kuzuia punje. Valvu iwe upande wa bwawani, maana bomba lililojaa shinikizo saa zote ndani ya tuta likitoboka hutoboa tuta.

Maji ya kunywa yachukuliwe na mdomo unaoelea, nusu mita hadi mita moja chini ya uso. Juu kabisa kuna mwani. Chini kuna maji yasiyo na hewa yenye chuma na harufu. Chujio la mchanga la taratibu, kwa mwendo wa sentimita 15 kwa saa, linahitaji mita za mraba 91: matangi matatu ya mita za mraba 46 kila moja, mawili yakifanya kazi na moja likisafishwa. Klorini ifuate. Birika la mifugo liwe chini ya tuta, na uzio uzuie watu na wanyama kuingia bwawani, kwa usafi na, katika nchi za joto, kwa kuepuka kichocho.

Mchana tulitembea kilomita saba chini ya tuta, tukiandika kila nyumba na kimo chake. Bwawa la Solai nchini Kenya lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, na zaidi ya watu 40 waliokuwa chini yake walikufa. Nyumba 23 ziko ndani ya eneo ambalo maji yangefika katika dakika 20. Ziliorodheshwa, na king'ora na njia ya kupanda mlimani vikaingia kwenye gharama za mradi.

Siku ya 9: mstari mwekundu

Asubuhi ilikuwa ya kikao. Nyumba sita, makaburi na njia ya shule ziko ndani ya eneo la maji. Usawa wa mafuriko, mita 12.5, ulipigwa rangi kwenye miti ili kila mtu aone mwenyewe maji yatafika wapi. Hesabu ya hekta 31 ilisomwa mstari kwa mstari, pamoja na kile kilichotolewa.

Swali gumu lilikuwa lini valvu ya mashamba ifungwe. Watu, mifugo na mto hutumia mita 835 kwa siku. Miezi minne ya umwagiliaji ikiisha, inabaki mitatu ya kiangazi, na mvua huweza kuchelewa miwili. Siku 150 ni mita 125,000, na mvukizo na mvujo wa wakati huo ni 75,000. Ukijumlisha 42,000 zilizo chini ya mdomo unapata 242,000, na kwenye jedwali la kontua ujazo huo uko kwenye kina cha mita 7.8. Hapo ndipo mstari mwekundu utapigwa kwenye ubao wa kupimia: maji yakiufikia, valvu ya mashamba inafungwa siku hiyo, hata kama zao limebakiza umwagiliaji mmoja. Jedwali lipimwe upya kila baada ya miaka mitano, na mstari upande kadiri mashapo yanavyoingia.

Kabla ya kuondoka tuliacha kipimamvua uwanjani kwa shule ya juu na ubao wa kusomea kimo cha mto kwenye shingo ya chini. Msomaji ataandika saa tatu kila asubuhi, na kila saa moja mto unapofurika, usiku ukiwemo. Michoro ya mwisho haianzi mpaka msimu mmoja mzima wa mvua uwe umesomwa.